Ripoti Niliyoiandika Kwenye Benchi la Chifu

Siku ya kuniaga, ofisi ilinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ila sijui ni nani aliyefikiri kwamba mtu asiye na pa kuwahi anahitaji saa. Nimeitundika sebuleni hapa Kiirua, Meru, mkabala na kiti changu, na siku nyingi ndiyo pekee inayotoa sauti ndani ya nyumba hii. Mke wangu Kananu alifariki miaka mitatu kabla sijastaafu. Binti yetu Makena anafanya kazi Nairobi na hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Tunaulizana habari za mvua, halafu anasema, "Sawa basi, Baba," nami nasema sawa.

Nyinyi maafisa vijana wa probesheni mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na nadhani mlitarajia maneno ya kutia moyo. Nitajaribu. Lakini ukweli ni kwamba kati ya ripoti zote nilizoandika, iliyobaki kichwani ni moja niliyoiandika vibaya, na mtoto mdogo wa kike ambaye nusura ailipie. Nitaanza mwanzo ili msiseme mzee ameruka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Embu, na siku ya kwanza nilitumwa Kianjokoma nikiwa nimevaa viatu vya ngozi nilivyonunuliwa kwa sherehe ya kuhitimu. Ilikuwa imenyesha siku nne. Nilirudi ofisini nimeshika kiatu kimoja mkononi, na mkubwa wangu, Bwana Mbogo, akanitazama bila kucheka, akafungua kabati, akanipa gambuti zake kuukuu, buti za mpira. Zilinibana vidole kwa mwaka mzima, lakini nilizivaa.

Bwana Mbogo alinifundisha kazi hii kwa maneno machache. Mahakama ikishamwona mtu ana hatia, hakimu anataka kujua huyu ni mtu wa aina gani kabla hajaamua kama atamfunga gerezani au atampa kifungo cha nje, atumikie kwao chini ya uangalizi. Hakimu hawezi kwenda kijijini. Sisi ndio tunakwenda, tunawauliza mama, chifu, majirani, na aliyekosewa, kisha tunaandika. "Wewe ni miguu ya hakimu," aliniambia. "Ukikanyaga vibaya, ni yeye anaanguka, lakini anayeumia ni yule wa kizimbani."

Alikuwa na kanuni mbili ambazo nawaachia. Ya kwanza, usinywe chai ya watu kabla hujauliza swali gumu, maana ukishaimeza utaandika ripoti ya chai. Ya pili, kila mtu umwulize peke yake, nyumbani kwake. "Watu watatu wakikwambia neno moja kwa maneno yale yale," alisema, "hao ni mtu mmoja." Nilizishika zote mbili kwa miaka mingi. Ile ya pili niliivunja mara moja tu.

Hakuna aliyenionya kuhusu upweke. Ukiingia hotelini, meza inanyamaza. Majirani wa nyumba ya kupanga walidhani mimi ni polisi asiyevaa sare, na waliponisalimu walinisalimu vizuri kupita kiasi. Kanisani nilikuwa na benchi karibu zima, kwa sababu nusu ya waumini walikuwa na ndugu ambaye nilikuwa nimemwandikia jambo. Familia yangu ilibaki Kiirua na ng'ombe wawili, nami nilikwenda mwisho wa mwezi. Makena alikuwa akinikimbia siku ya kwanza, ananizoea siku ya pili, na siku ya tatu nilikuwa nimekwisha kuondoka. Nilisema ni kazi, na ni kweli ilikuwa kazi. Sasa nina muda wa kutosha wa kuona kwamba hilo halikuwa jibu.

Baadaye nilihamishiwa Kiritiri. Wale mnaopajua hamhitaji kuambiwa juu ya jua la huko. Pikipiki ya ofisi ilikuwa na tabia ya kuzimika mahali pasipo na mti. Mwezi wa tatu nikiwa huko ndipo lilipokuja faili la Ireri.

Ireri alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amevunja duka la muguka, yale majani ya kutafuna, na kumpiga mwenye duka kwa chuma, mkono ukavunjika. Hakimu alitaka ripoti kwa siku kumi na nne. Siku ya kwenda kwao pikipiki ilikataa kuwaka, jua lilikuwa kali, na chifu, kwa wema wake, akaniambia nisihangaike, atawaita majirani waje kambini, penye ofisi yake. Wakaja wanne. Wakaketi kwenye benchi moja, nami mwisho wa benchi hilo hilo, daftari gotini.

"Huyo alizaliwa hivyo," alisema wa kwanza.

"Alizaliwa hivyo," alisema wa pili. "Tangu mtoto, hakuna mtu anaweza kumwambia kitu."

"Hakuna mtu anaweza kumwambia kitu," alisema mzee wa tatu, na yule wa nne akaitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza.

Niliandika. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Ireri mwenyewe nilimkuta rumande, nikamwuliza alisoma mpaka wapi. Akasema, "Mimi sikusoma." Fomu yetu, mnaijua, upande wa elimu inaanza na darasa la kwanza. Nikajaza: hakusoma. Nikamaliza kwa sentensi ambazo nazikumbuka kama namba ya kitambulisho changu: "Tangu utotoni hajawahi kufuata amri ya mtu yeyote. Jamii haimtaki. Hafai kifungo cha nje." Hakimu alimfunga miaka saba. Mpenzi wake, Muthoni, alikuwa pale kortini, tumbo likianza kuonekana.

Wiki tatu baadaye mwanamke wa makamo aliingia ofisini kwangu. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, na kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu kama mtu aliyekuja kugombana. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Ni wewe uliandika maneno ya Ireri?"

Nikasema ni mimi.

"Mimi ni Ciarunji. Ni mwalimu wa nasari, hapo kwa kanisa. Mbona haukuniuliza?"

Nilimwambia Ireri hakusoma. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejikojolea, bila hasira, akijua tu kwamba kuna kazi.

"Huyo alikuwa kwangu akiwa na miaka minne. Miezi sita. Unajua mama yake alikuwa anachoma makaa? Alikuwa anamfunga kamba ya mguu kwa kitanda asubuhi, anaenda, anarudi jioni. Hakukuwa na mtu wa kumwachia. Mimi ndio nilifungua hiyo kamba. Nikamwambia mama, leta hapa."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anauma watoto. Wazazi wakasema toa huyo mnyama. Nikakataa. Mwezi wa tatu akaacha kuuma. Mwezi wa tano ni yeye alikuwa anagawa vikombe vya uji, na hakuna siku alianza na chake. Halafu kiangazi kikaja, uji ukaisha, mama akaenda na yeye huko chini kwa makaa. Alirudi na miaka tisa. Darasa la kwanza wakamcheka vile ni mrefu. Akakaa wiki mbili." Akakaza kitambaa cha kichwa. "Umeandika hajawahi kufuata amri ya mtu. Alifuata yangu."

Niliandikia mahakama barua. Sikupata jibu, na sikustahili kupata, kwa sababu kesi ilikuwa imekwisha na mkono wa mwenye duka ulikuwa umevunjika kweli. Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimeketi tu kwenye benchi moja badala ya kutembea. Niliona aibu ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia, nikaenda nayo nyumba ya kupanga, nikaila na githeri ya mahindi na maharagwe.

Kuanzia hapo nilianza kupita kwa Mwalimu Ciarunji. Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni njia ya mkato. Darasa lake lilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya kanisa, na vifaa vyake vilikuwa vifuniko vya soda vya kuhesabia, magunia ya kulalia na sufuria moja kubwa. Watoto wawili wakipigana hakuwahubiria. Aliwapa kikombe kimoja cha maji wakishike pamoja, wakamwagilie mpapai uliokuwa mwisho wa uwanja. Maji yakimwagika, wanarudi kuyateka upya. Niliwahi kuwaona wawili wakienda na kurudi mara tano, wamenuniana, mpaka mara ya sita wakaanza kutembea hatua moja. Walipofika kwenye mpapai walikuwa wakicheka, na hakuna aliyekumbuka ugomvi ulikuwa wa nini.

Niliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinigusa kidevu, nikawatazama wakingoja uji. Kungoja tu. Kikombe kinapita mbele ya mtoto mwenye njaa, kinakwenda kwa mwenzake, naye anaacha kipite. Nikafikiria watu wangu wote niliowaandikia tangu Kianjokoma. Wengi hawakuwa wabaya. Walikuwa watu ambao kati ya kukitaka kitu na kukichukua hakukuwa na nafasi hata ya kuvuta pumzi. Hakuna aliyewahi kuwafundisha hiyo nafasi, na mahali pa kuifundisha ni pale kwenye magunia, mtu akiwa na miaka minne. Sisemi nasari inamaliza wizi. Nimewahi kumwandikia mwizi mwenye digrii. Nasema kwamba kwa mtu kama Ireri tulikuwa tunafika tumechelewa miaka kumi na tisa, halafu tunashangaa kwamba chakula kimepoa.

Jioni ile nilimpigia Kananu simu, nikamwuliza mwalimu wa nasari wa Makena aliitwa nani.

"Unauliza leo?" akasema. "Makena yuko fomu tatu."

Nikasema nilitaka tu kujua. Akaniambia jina, nikaliandika, na sijui karatasi ile ilipotelea wapi.

Kiofisi nilifanya mambo mawili. La kwanza, kwenye kila fomu nilichora mstari kwa kalamu juu ya darasa la kwanza, nikaandika swali: kabla ya shule, mchana alikuwa akiachwa na nani? Msingoje fomu mpya. Choreni mstari. La pili liliniletea maneno. Wale waliopewa kifungo cha nje wenye kutumikia jamii, ambao kwa kawaida tuliwapeleka kufyeka nyasi za kambi ya chifu mpaka nyasi zenyewe zikachoka, niliomba wajenge chumba cha pili cha nasari na wapike uji. Mwenyekiti wa kamiti ya wazazi, Mama Kariuki, alinijia juu.

"Sasa afisa, mtu wa kuvunja duka ndio atapikia mtoto wangu uji?"

"Nitaonja mimi kwanza," nilisema.

"Kila siku?"

Nikasema kila siku, nikijua sitaweza, na nikaonja muhula mzima. Uji wa mtama uliopikwa na wanaume ambao hawajawahi kushika mwiko ni adhabu ambayo hakimu hakuitaja. Lakini chumba kilisimama, na watoto hawakulala njaa kiangazi kile.

Ireri alitoka gerezani baada ya miaka minne na miezi kadhaa, kwa kuwa alipunguziwa kwa tabia njema. Alitakiwa kuja kuripoti kwangu. Mtoto wake alikuwa amezaliwa akiwa ndani, anaitwa Wawira, na alikuwa na miaka minne, kwenye magunia ya Mwalimu Ciarunji. Siku alipokuja, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi.

"Ireri, mimi ndiye niliyeandika ripoti yako."

"Najua. Ilisomwa kotini." Alikuwa amekonda, na aliongea akitazama dirisha. "'Hajawahi kufuata amri ya mtu yeyote.' Huko ndani nimefuata amri miaka minne na zaidi, saa yote, mpaka ya kulala. Andika na hiyo."

Niliiandika. Iko kwenye faili mpaka leo. Kisha nikamwambia ya benchi la chifu, kwamba sikutembea, na kwamba nilikuwa nimekosa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akauliza atarudi lini. Nilikuwa nimetegemea zaidi ya hapo. Hata matusi yangenifaa.

Tatizo lilikuja mwezi uliofuata. Mama yake Muthoni, aliyekuwa akimpeleka Wawira shule, aliugua miguu. Muthoni alikuwa akiamka kwenda kuchuma muguka kwenye shamba la mtu, na ukichelewa jani linanyauka na kazi anapewa mwingine. Aliyebaki wa kumpeleka mtoto ni Ireri. Siku ya kwanza alipoonekana akimshika mkono mlangoni mwa nasari, wazazi wawili waliwachukua watoto wao wakarudi nao nyumbani. Kamiti ikaita mkutano. Muthoni alikuja kwangu akiwa amekauka macho.

"Wakimkataza, mimi nitampeleka Wawira kwa dada yangu Mwea. Dada anashinda kwa shamba ya mchele. Mtoto atakaa tu hapo kwa mtaro wa maji na wengine."

"Na nasari?"

"Nasari gani, afisa? Huko hakuna mtu wa kumpeleka."

Nilisikia kamba ikifungwa tena kwenye mguu wa kitanda.

Mkutano ulifanyika chumba kile cha pili. Mama Kariuki aliongea kwa haki, sitamlaumu. Alisema mtu aliyevunja mkono wa mtu hawezi kusimama kati ya watoto wa miaka minne, na kwamba hata ripoti ya serikali ilisema jamii haimtaki. Ireri alikuwa nje, amechuchumaa kivulini kwa ukuta, akisikia kila neno kupitia mabati.

Nikasimama. Afisa haombi radhi mbele ya watu, hilo nalo Bwana Mbogo aliwahi kuniambia, lakini alikuwa amestaafu na hakuwepo kunizuia.

"Hiyo ripoti ni yangu," nilisema. "Niliiandika kambini kwa chifu, nimeketi benchi moja na watu wanne wa hapa. Sikwenda kwa nyumba hata moja. Sikumwuliza Mwalimu. Mkinukuu ripoti ile, mnanukuu uvivu wangu. Kosa la Ireri ni la kwake na ameshalitumikia. Lakini hilo la kwamba alizaliwa hivyo, hilo niliandikiwa na benchi, mimi nikaweka sahihi tu."

Mzee mmoja pembeni alianza kukohoa. Nilimkumbuka, alikuwa wa tatu kwenye benchi. Hakunitazama, nami sikumtaja.

Mwalimu Ciarunji hakusimama hata. "Mnakumbuka alikuwa anauma," alisema. "Sasa hivi nina watoto watatu wanauma, na wawili ni wenu. Nisiseme majina. Mtoto wa Ireri hatatoka kwa darasa langu vile baba yake alitoka. Ireri atafika mpaka kwa mpapai. Hapo nitakuja mimi mwenyewe nimchukue. Kama kuna mtu anaogopa mpapai, aseme."

Walicheka, na waliocheka hawakuweza tena kukasirika vizuri. Mama Kariuki aliandika kwenye kitabu cha mkutano kwamba imekubaliwa, akaongeza kwa sauti, "Lakini nitakuwa naangalia."

Aliangalia. Ireri alimleta mtoto kila asubuhi mpaka kwenye mpapai, miaka miwili, bila kuvuka hatua moja. Hata baada ya Mama Kariuki mwenyewe kumwambia aingie tu, alisimama pale pale. Wawira akamaliza nasari, akaenda shule kubwa ya jirani akijua kusoma jina lake na la baba yake. Mwalimu Ciarunji alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa moyo, na kwenye mazishi nilisimama nyuma na wanaume wa kifungo cha nje. Nilijiona niko na watu wangu, ingawa hakuna aliyezungumza nami.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Kiritiri kuaga. Nilimkuta Ireri akitoka kumsindikiza mtoto shuleni, amebeba jembe begani. Alikuwa amepata kazi ya kibarua kwenye mashamba ya ndengu, na faili lake lilikuwa limefungwa zamani. Tulisalimiana vizuri. Nilimwambia nastaafu, narudi Meru, na huko sina watu wengi. Nikamwambia kwamba ningependa, mara moja moja, kupita kwao kumwona Wawira anavyoendelea. Nilisema kwa wepesi, kama jambo lililonijia wakati huo huo, ingawa nilikuwa nimelifikiria miezi.

Aliteremsha jembe, akalishika kwa mikono miwili. Hakukunja uso.

"Usikuje, mzee," alisema. "Si kwa ubaya. Ulisimama na sisi, mimi siwezi sahau. Lakini mtoto akikuona ataniuliza wewe ni nani. Na mimi bado sijamwambia nilikuwa wapi."

Nilimwambia yuko sawa, na alikuwa sawa. Akaniombea safari njema, akaweka jembe begani, akaenda shambani. Nilimtazama mpaka alipokata kona, kisha nikaenda kuwasha pikipiki. Iliwaka mara ya kwanza.